Darubini Aliyoifunga Verlin

Shemeji yangu Verlin Haught ni mtu wa vipimo. Miaka thelathini na minane alisimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma kiwandani, na hata sasa amestaafu hawezi kukata mkate bila kwanza kuukodolea jicho moja aone kama kisu kimenyooka. Mpe rafu ya ukutani aipigilie, jioni utamkuta bado ameshika penseli. Nimemtania kwa hilo tangu alipoanza kuja nyumbani kumfuata dada yangu Nedra, na yeye hucheka tu, hana kinyongo. Nayasema haya mapema kwa sababu ninayotaka kusimulia yana hasira ndani yake, na sitaki mtu adhani simpendi Verlin. Nampenda. Ila kuna siku nilitamani kumpiga na sufuria.

Sisi ni watu wa vilima vya kusini mashariki mwa Ohio, na kwetu kulungu ni nyama ya majira ya baridi kama mahindi yalivyo chakula cha kuku. Baba alitufundisha kuwinda mimi na Nedra kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, na Nedra akawa hodari kuliko wanaume wote wa bonde letu. Hapa mtu akimkosa kulungu, wenzake humkata ncha ya shati kwa kisu na kuipigilia ukutani ili achekwe mwaka mzima. Kwenye ghala la baba kulikuwa na ncha kumi na saba. Tatu zilikuwa za Verlin, na za kwangu ziko pale zikipigwa vumbi. Ya Nedra haikuwepo. Si kwamba alikuwa na jicho la ajabu. Alikuwa hapigi mpaka awe ameona vizuri na ana uhakika. Kama hana uhakika anashusha bunduki anarudi nyumbani kukaanga viazi, na wala hakuona haya.

Alipofika miaka hamsini aliacha. Wakati huo, kwa sababu ya sheria ya jimbo, wengi wetu tuliwinda kwa shotgani, bunduki nzito ya mtutu mpana, na hiyo ilikuwa ikimpiga bega hadi linavimba. Baadaye sheria ikalegezwa, zikaruhusiwa bunduki fupi zinazotumia risasi za bastola, nyepesi, zisizorusha mtu nyuma. Verlin akamnunulia moja, ya mbao nyekundu, ile ya kuvuta wenzo wa chini kila ukipiga. Nedra aliipenda kama mtoto. Tatizo likawa macho: kile kichuma cha kulengea mbele ya mtutu hakukiona tena sawasawa. Wakasema watafunga darubini siku moja. Siku moja ikawa mwaka, ikawa miwili.

Kisha Juni ile daktari akatuambia ile saratani ya ziwa tuliyodhani imeisha imehamia kwenye mifupa ya mgongo na inapanda shingoni. Verlin akauliza, kwa namna yake ya kutaka tarakimu, muda gani. Daktari akasema tusitegemee kwamba ataiona Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Na msimu wa bunduki kwetu huanza Jumatatu baada ya hiyo siku.

Tukiwa njiani kurudi, Nedra akageuka kutoka kiti cha mbele cha pikapu.

"Nataka kulungu mmoja," akasema. "Mmoja tu, kwa bunduki yangu. Halafu mnaweza kunivalisha lile gauni la kijani na kunilaza."

"Usiseme hivyo, dada," nikamwambia.

"Kwani lile gauni lina ubaya gani?"

Msimu asingeufikia, hilo tulilijua wote watatu. Njia ilikuwa moja tu, jirani yetu Doyle Rexroad. Kulungu walikuwa wanamla soya yake kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, na afisa wa wanyamapori alimpa kibali cha kupunguza majike sita nje ya msimu, mwisho wake Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Wapigaji lazima waandikwe majina. Doyle, ambaye ni mtu wa kelele na moyo laini, akaandika jina la Nedra la kwanza kabisa, juu ya lake mwenyewe. Akasema aje jioni yoyote atakayo.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Agosti. Nedra alikuwa bado anatembea kwa fimbo, anageuza shingo, anapika akikaa kwenye kiti kirefu. Kilichobaki ni darubini tu.

Tulikwenda dukani kwa Corwin, muuza bunduki ambaye Verlin amesoma naye. Nedra alibaki kwenye pikapu akila aiskrimu, kitambaa cha maua kichwani. Corwin akaigeuzageuza ile bunduki juu ya kaunta.

"Kwa hii, mimi ningekufungia kidude cha nukta nyekundu," akasema. "Hakikuzi kitu, lakini weka jicho popote unapotaka, nukta utaiona. Ikikaa juu ya kulungu, vuta. Basi."

"Hicho ni cha vijana wanaoigiza vita," Verlin akasema.

"Haya, chukua hii ndogo inayokuza mara moja mpaka nne. Risasi yenyewe ya bastola, bwana. Ikipita yadi mia inaanguka kama jiwe. Wewe unataka kutazamia mwezi?"

"Nataka aone kope."

"Kope za nani?"

"Za kulungu. Nataka Nedra akimtazama, amwone mpaka kope zake."

Corwin alitazama nje kupitia dirisha, akamwona dada yangu analamba kijiko. Hakutania tena. Alipanda ngazi akashusha darubini kubwa, ya kukuza mpaka mara tisa, kioo safi kama maji ya chemchemi, akamkatia bei na kumpa pete za kuifungia bure. Mimi nilisimama pale nikiguswa na yale maneno ya kope. Sikumkumbusha mtu yeyote ile nukta nyekundu, kwa hiyo nami nina sehemu yangu.

Verlin aliifunga mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye meza ya kulengea aliyoiunda kwa mbao nene. Alisawazisha bunduki kwa pima maji, akaweka jicho, akaisogeza darubini mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka picha ikajaa duara lote kwa jicho lake, akakaza skrubu kwa spana ya kupimia nguvu. Halafu mifuko ya mchanga, karatasi ya shabaha yadi ishirini na tano, na kupiga. Darubini ina vifundo viwili, kimoja cha juu na chini, kimoja cha kushoto na kulia, na kila ukizungusha kinalia tik. Alizungusha tik nne, akapiga tatu, akaenda kupima matundu kwa rula, akaandika kwenye daftari. Kesho yake akaisogeza shabaha yadi sabini na tano, akaanza upya.

Kwa mtu yeyote mwingine hiyo ni kazi ya alasiri moja. Siku ya tatu risasi zake zilikuwa zinaingia ndani ya mdomo wa kikombe, na kulungu ana kifua kikubwa kuliko sinia. Nilimwambia.

"Shem, umemaliza. Twende kwa Doyle."

"Inavuta kushoto."

"Kiasi gani?"

"Inchi moja. Na robo."

Akabadilisha risasi, akanunua za kampuni nyingine. Kila risasi ina tabia yake, kwa hiyo mahesabu yote yakaanza mwanzo. Halafu kampuni ya tatu. Halafu akasema pete hazijakaa sawa, akazichonga mwenyewe kwenye mashine yake ndogo, akairudisha darubini palepale, kwa alama aliyoiweka na penseli. Doyle alipiga simu katikati ya Agosti: wamo shambani, kumi na moja, njooni. Verlin akasema bado. Doyle alipiga tena wiki ya kwanza ya Septemba. Bado. Mara ya tatu alikuja mwenyewe na trekta lake, akasimama kwenye ua na mikono kiunoni.

"Verlin, wale wanyama wananimalizia soya, na wewe unatoboa karatasi. Karatasi imekukosea nini?"

"Atapiga moja tu, Doyle. Lazima iende nitakapomwambia inakwenda."

"Itakwenda! Hata mimi nikiwa nimefumba macho itakwenda!"

"Ndiyo maana una mashati mafupi," Verlin akasema, na Nedra aliyekuwa amekaa kibarazani na blanketi akacheka hadi akakohoa.

Alicheka, lakini mimi nilikuwa nikimwogesha, nilijua. Katikati ya Septemba fimbo haikutosha tena. Shingo ikaanza kukakamaa, ikawa akitaka kukutazama anageuza mwili mzima. Siku moja nilimfuata Verlin pale mezani nikasimama mbele ya shabaha yake makusudi, asiweze kupiga.

"Mpe aiweke begani hata mara moja," nikamwambia. "Mara moja tu, Verlin. Ajaribu."

"Kila mtetemo unamuuma mifupa. Sitampigisha risasi za mazoezi."

"Bila risasi, basi! Aishike tu."

"Akiishika atachoka. Nguvu aliyobaki nayo ni ya siku yenyewe. Toka hapo mbele, Twila."

Nilitoka, nikaenda kumlalamikia dada. Akanishika kidole gumba, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara utotoni.

"Mwache," akasema. "Akiwa pale mezani hanitazami kwa yale macho ya msiba. Anakuwa Verlin wangu."

Na mimi naamini, ingawa hajawahi kusema, kwamba alikuwa anaogopa kumaliza. Bunduki ikiwa tayari, jioni ya mwisho ya Nedra inakuwa na tarehe. Alipima inchi na robo inchi, alipima upepo, alipima uzito wa kila risasi kwenye mizani ya jikoni. Shingo ya mkewe hakuipima. Yeye Verlin ni mrefu, ana shingo ndefu na mikono kama makasia. Mimi na Nedra tumerithi mikono mifupi ya mama.

Tulikwenda Jumamosi yenyewe ya mwisho ya kibali, maana kesho yake kisingefaa. Doyle alikuwa ametandika zulia kuukuu kwenye kibanda chake cha kuvizia, pembeni mwa soya, na kupanua mlango ili kiti cha magurudumu kipite. Tulikaa watatu: Nedra dirishani na bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, Verlin amepiga magoti kulia kwake, mimi nyuma na chupa ya chai na vidonge. Jua lilikuwa bado limo juu ya miti. Nedra alikuwa amevaa koti lake la zamani la kuwindia, limekuwa kubwa mno kwake, lakini mashavu yake yalikuwa na rangi ambayo sikuiona tangu kiangazi kianze.

Hatukungoja sana. Jike mmoja mkubwa alitoka msituni, akatembea taratibu mpaka kama yadi sitini, akasimama ubavu akila. Hata ukimwomba asimame vizuri zaidi ya hapo asingeweza.

Nedra akainua kitako cha bunduki begani. Akalaza shavu. Nikamwona anasogea mbele kidogo, anarudi, anasogea tena, na mkono wake wa kushoto ukibana mbao mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Nilidhani ni maumivu.

"Unamwona?" Verlin akanong'ona.

Shavu la Nedra likasogea tena juu ya mbao.

"Namwona."

"Unaziona kope?"

"Naziona," akasema dada yangu. "Naona hata kope, Verlin. Ni mzuri mno."

Kulungu akainua kichwa, akatafuna, akainamisha tena. Nilihesabu pumzi za Nedra hadi thelathini. Kisha akashusha bunduki polepole.

"Mwache aende zake," akasema. "Nimemwona. Inatosha."

Verlin alilaza kichwa kwenye mapaja ya mkewe akalia, na Nedra akamsugua kisogo. Nami nililia. Nilisema moyoni, kumbe zile wiki zote hazikupotea, mwanamume huyu amempa mkewe kitu ambacho hata mimi nisingeweza kumpa. Nikajuta maneno yangu yote ya sufuria.

Ilikuwa Jumanne, nikimfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, ndipo aliponiambia.

"Sikuona kitu, Twila."

"Lini?"

"Pale kwa Doyle. Kulikuwa kweusi. Kitundu kama cha sindano kinakuja kinaondoka. Darubini ilikaa mbali mno na jicho langu; ilitakiwa nisogeze kichwa mbele, shingo ikakataa."

Kitambaa kilinianguka kwenye beseni. "Kwa nini hukusema? Angerekebisha palepale!"

"Kwa bisibisi ipi? Tulikuja na chupa ya chai na maombi. Na kibali kilikuwa kinaisha na jua." Akapumzika kidogo. "Wiki saba, Twila. Ungemtazama usoni wewe ukamwambia ni kweusi?"

"Ningemwambia!"

"Ndiyo, wewe ungemwambia. Ndiyo maana nakwambia usimwambie. Niapie."

Nikamwapia, na maji ya beseni yakapoa tukiwa tumeshikana. Akafa siku kumi na sita baadaye, asubuhi, Verlin akimsomea bei za mahindi gazetini kwa kuwa alipenda sauti yake akisoma tarakimu. Tulimvalisha gauni la kijani.

Msibani, Verlin alisimama kanisani akasimulia lile jambo la kulungu. Mtu ambaye hajawahi kusema maneno kumi mbele ya watu alisema jinsi mkewe alivyomwona mnyama mpaka kope, akawa na uwezo wa kumuua, akamhurumia. Kanisa zima lililia. Chini, kwenye ukumbi wa chakula, watu walilirudia wakipakua tambi na kuku na mkate wa nyama ya nguruwe; mchungaji akasema ataliweka kwenye mahubiri ya Jumapili. Doyle alinishika bega akasema, "Hiyo ndiyo Nedra." Nikasema ndiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada yangu alitaka kupiga. Hakutaka huruma wala mahubiri. Alitaka kulungu wake mmoja, nyama kwenye friji, damu kwenye viatu, na hakumpata.

Wiki moja kabla ya msimu, Verlin alikuja na bunduki imefungwa kwenye blanketi la Nedra.

"Angetaka uwe nayo wewe," akasema. "Njoo uipige mara mbili tatu uizoee. Iko sawasawa kabisa, sijaigusa tangu ile siku."

Sikupata uongo wa haraka wa kukataa. Tukaenda nyuma ya nyumba yake, kwenye ile meza. Nilivaa koti langu la baridi, nikakaa, nikalaza shavu pale shavu linapokaa lenyewe. Kweusi. Kitundu kidogo kikatokea, kikatoroka. Nikafikiri haraka: nyoosha shingo, Twila, nyoosha, asijue. Mimi shingo yangu ni nzima. Nikainyoosha kama kobe anayetafuta majani, na picha ikaja nusu.

Verlin alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha kahawa. Nilisikia kikombe kinawekwa juu ya mbao. Huyu ni mtu aliyeishi kwa kuona chuma kikipinda kwa upana wa unywele mmoja.

"Rudisha kichwa," akasema. "Kaa unavyokaa."

"Niko sawa."

"Kaa unavyokaa, shem."

Nikarudisha kichwa.

"Unaona nini?"

Nilikuwa nimeapa. Niliinamisha macho nikatazama mifuko ya mchanga, na hilo likamwambia kila kitu. Akanitazama mikono yangu, akanitazama bega, akatazama mwanya kati ya jicho langu na kioo. Rangi ikamtoka usoni.

Akachukua bunduki kutoka mikononi mwangu, akaingia banda lake akatoka na bisibisi. Alilegeza skrubu za pete, akaivuta darubini nyuma, upana wa vidole viwili, si zaidi. Akakaza. Akanirudishia.

"Sasa?"

Nililaza shavu. Duara lote likajaa mwanga. Niliona mwisho wa shamba, niliona waya wa ua, niliona kichwa cha msumari unaoshikilia karatasi na kutu yake. Machozi yakanifanya nisione tena.

"Sasa naona," nikasema.

Verlin akatazama saa yake ya mkononi. Kwa mazoea tu, nadhani, maana maisha yake yote kazi ilipimwa kwa saa.

"Dakika tatu," akasema.

Akakaa chini kwenye majani yenye maji, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, na suruali yake nzuri. Nikashuka nikakaa karibu naye. Akaniuliza kama Nedra aliniambia, nikasema aliniambia. Akaniuliza kama alikasirika, nikasema hapana, na hiyo ni kweli. Halafu akaniuliza kama mwezi wa nane angeweza kunyoosha shingo, kama nilivyofanya mimi sasa hivi.

Ningeweza kusema sijui. Lakini alitaka kipimo, na maisha yake yote hajawahi kukubali kipimo cha uongo.

"Angeweza," nikasema.